Bwawa la bustani lenye chujio la kinamasi: vya kununua na vya kuacha dukani

Ukiingia duka la samaki wa mapambo Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ukasema unataka bwawa la bustani, mara nyingi utaoneshwa kwanza pipa la plastiki lenye sponji na taa ya UV ndani yake. Maji yanaingia huku machafu, yanatoka kule meupe. Kwa bwawa la zege la pembe nne lililojaa samaki wa koi, pipa hilo lina kazi yake. Kwa bwawa linalotakiwa lionekane kama limekuwapo hapo tangu zamani, lenye mafunjo pembeni na yungiyungi katikati, ni pesa iliyopotea njia. Sponji zinataka kuoshwa kila wiki moja au mbili. Taa hubadilishwa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu ya mionzi yake hushuka bila macho kuona. Na ule mwani wa nyuzinyuzi unaoshika kwenye mawe hauguswi kabisa na taa, kwa kuwa haupiti ndani ya pipa.

Chujio la kinamasi ni shimo la pili, la kina kifupi, lililojazwa kokoto na kupandwa mimea ya majimaji. Pampu iliyo upande wa mbali wa bwawa husukuma maji hadi kwenye mabomba yenye mipasuo yaliyolala chini ya kokoto. Maji hupanda polepole kati ya kokoto na mizizi, kisha humwagika kurudi bwawani. Samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto huigeuza kuwa naitraiti, wengine huigeuza hiyo kuwa naitreti, na mizizi huila naitreti. Sponji hakuna, taa hakuna. Kinachobaki kununuliwa ni laina (karatasi ya kutandika shimoni ili maji yasivuje), pampu, mabomba, kokoto na mimea, na kosa linalorudiwa sana ni kubana pesa kwenye laina kisha kuzimwaga kila mwezi kwenye umeme wa pampu isiyofaa.

Hesabu zote hapa ni za bwawa la umbo la yai, urefu mita 4, upana mita 3, lenye kidato cha kina cha sentimita 25 kuzunguka sehemu ya ukingo na shimo la sentimita 70 katikati. Uso wake ni kama mita za mraba 9.4, na kwa kina cha wastani cha sentimita 45 linabeba lita 4,200 hivi. Kinamasi cha bwawa lenye samaki wachache kinatosha kikiwa asilimia 10 hadi 15 ya uso huo. Ukitaka samaki wa dhahabu wa kutosha weka asilimia 20. Ukitaka koi, 30. Tumechukua 20, yaani mita za mraba 1.9: mfereji wa mita 2.4 kwa sentimita 80. Fundi akikwambia kimezidi ukubwa, mwache aseme. Kinamasi kikubwa hakijawahi kuharibu bwawa, kidogo kimeharibu mengi.

Laina

Laina inayopatikana kirahisi zaidi kwetu ni ile nyeusi ya plastiki ya HDPE, inayouzwa kwa wakulima wa umwagiliaji na wafugaji wa samaki, ya unene wa milimita 0.5, 0.75 na 1. Ni imara, inastahimili jua kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake, na ni nafuu ukiilinganisha na mpira unaotoka nje. Kasoro yake ni ugumu. Imetengenezwa kwa mabwawa makubwa yenye kingo zilizonyooka. Ukiilazimisha ifuate kona za bwawa la mita 4 inakunjamana, na kila kunjo kali ni mahali ambapo ufa utaanzia baadaye. Wauzaji hupenda kupendekeza milimita 1 kwa hoja kwamba nene ndiyo nzuri. Kwa bwawa dogo lenye umbo la asili si hivyo: milimita 1 haikai kwenye vidato, inaacha mapengo nyuma yake, na uzito wa maji unaivuta pale penye pengo. Chukua milimita 0.5 au, ukiipata, LLDPE ya 0.75, ambayo ni ndugu yake aliye laini zaidi. Itandaze juani saa moja kabla ya kuiweka shimoni. Ikipata joto inakuwa tiifu.

Unene ulioandikwa kwenye risiti uhakiki mwenyewe, na hauhitaji kipimo cha maabara. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipime kwenye mizani ya jikoni, zidisha kwa nne. HDPE ya milimita 0.5 iwe karibu na gramu 475 kwa mita ya mraba, ya 0.75 karibu na 710, ya milimita 1 karibu na 950. Ikipungua kwa theluthi, umeuziwa kitu kingine.

Mpira wa EPDM wa milimita 1 ndio bora kuliko vyote kwa kazi hii. Unavutika, unalala kwenye kila kona, na hudumu miongo kadhaa ukifunikwa vizuri. Lakini kwa wengi wetu ni wa kuagiza, na una uzito wa kilo 1.2 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo usafirishaji unauma. Ukiuagiza, taka ulioandikwa kuwa ni wa mabwawa ya samaki. Ule wa kuezekea mapaa si lazima uwe salama kwao.

Turubai la PVC linakunjika vizuri na mafundi wa kuliunganisha kwa joto wapo kila mji. Linafaa kwa masharti: lisionekane popote juu ya maji, kwa sababu sehemu inayopigwa na jua ndiyo inayopasuka kwanza, na lisiwe turubai kuukuu la lori, maana mengine yametiwa dawa ya kuzuia ukungu. Nailoni nyeusi ya kutandika chini ya sakafu, geji 1000, ni robo milimita tu. Iache dukani hata ukipewa bure. Zege lina mashabiki wake, lakini kwenye udongo unaotembea linapasuka, na chokaa ya saruji mbichi hupandisha pH (kipimo cha tindikali na alikali ya maji) hadi samaki wanakufa wiki ya kwanza.

Kipimo cha kukata: urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 30 za ukingo kila upande. Hapa ni 4 + 1.4 + 0.6, yaani mita 6. Na 3 + 1.4 + 0.6, yaani mita 5. Kinamasi chenye kina cha sentimita 35 kinataka kipande chake cha mita 3.7 kwa 2.1, mbali na ziada ya upande wa kumwagikia. Watu hupenda kutumia karatasi moja kwa vyote viwili. Kwa EPDM inawezekana, kwa HDPE ni mateso. Vipande viwili vinatosha mradi kile cha kinamasi kilalie juu ya kile cha bwawa pale maji yanapomwagikia, kama bati la juu linavyolalia la chini, kwa sentimita 40 au zaidi. Gundi haihitajiki hapo.

Chini ya laina mwaga mchanga laini sentimita 5, kisha jiotekstaili (kitambaa kizito cha kulinda laina) ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Zulia kuukuu la nailoni linaweza kushika nafasi yake; magunia ya katani yanaoza na kuacha utupu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi na tambarare za Athi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, chimba zaidi na ongeza mchanga ufike sentimita 10.

Pampu: angalia wati kabla ya bei

Pampu inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi ni ile ndogo ya bluu ya nusu hospawa, ya kupandisha maji kwenye tanki la ghorofani. Bei yake inavutia. Kwa kinamasi ni chaguo baya kwa pande zote mbili: inasukuma maji machache, takriban lita 35 kwa dakika ikiwa haina mzigo, hadi kimo cha zaidi ya mita 30 ambacho hukihitaji, na inakula wati 370. Pampu ya kinamasi haizimwi. Wati 370 kwa saa 24 ni yuniti 8.9 kwa siku, zaidi ya 260 kwa mwezi. Pampu za kuzamisha za kutolea maji machafu ni hadithi ileile, tena hazikutengenezwa kufanya kazi mfululizo, na zile zenye mafuta ndani zikivuja sili utaona utando juu ya maji na samaki wakitweta.

Inayofaa ni pampu ya bwawa inayozamishwa, yenye rota ya sumaku, isiyo na mafuta. Maji ya bwawa lote yapite kwenye kinamasi mara moja kila saa moja hadi mbili, kwa hiyo hapa tunataka lita 2,100 hadi 4,200 kwa saa. Angalizo: namba kubwa kwenye boksi ni ya kimo sifuri. Pampu iliyoandikwa lita 6,000 na kimo cha juu mita 3, ikisukuma hadi mita 1.2, itatoa kama lita 3,600. Kila boksi zuri lina grafu. Lisilo na grafu lirudishe kwenye rafu. Pampu ya ukubwa huo hula wati 40 hadi 60. Kwa wati 50 ni yuniti 36 kwa mwezi, jambo la kuangaliwa na nyumba iliyo kwenye D1, daraja la watumiaji wadogo la TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi.

Pampu nzuri huuawa na mpira mwembamba. Ukiifunga pampu ya lita 6,000 kwenye mpira wa bustani wa nusu inchi, huenda usipate hata lita 1,500. Tumia mpira wa inchi moja na robo au moja na nusu kutoka kwenye pampu hadi kwenye kinamasi, upite juu ya ukingo, usitoboe laina. Iweke pampu juu ya tofali, sentimita 15 kutoka chini: isivute tope, na bomba likichomoka usiku isimalize maji yote. Ivalishe ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, iliyotobolewa matundu mengi ya milimita 6. Hiyo ni chujio la majani lisilo na gharama, na linafanya kazi kuliko vikapu vidogo vinavyokuja na pampu.

Umeme wa pampu upite kwenye swichi ya RCD ya miliampia 30, ile inayojizima umeme ukivuja, soketi iwe mbali na maji na juu ya usawa wa mafuriko. Hapa hakuna cha kubana. Pampu za sola za volti 12 au 24 bila betri ni nzuri kwa chemchemi, si kwa kinamasi: zinalala jua likizama, na oksijeni hupungua zaidi usiku, kuelekea alfajiri. Nyanda za juu tatizo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana kwa kimo cha Nairobi, mita 1,700 hivi, maji yanashika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile.

Umeme ukikatika saa mbili tatu, hakuna neno. Ukikatika siku nzima, maji yaliyosimama ndani ya kokoto yanaishiwa oksijeni na kuanza kunuka yai bovu. Usiwashe tu pampu yakarudi bwawani. Fungua kwanza bomba la kusafishia (limeelezwa kwenye sehemu ya mabomba), yatoe, ndipo uwashe.

Kokoto, na tatizo la pwani

Bora ni changarawe ya mtoni, ya mviringo, milimita 8 hadi 12, iliyochekechwa. Isipopatikana, kokoto za machimbo za mawe meusi za nusu inchi zinafaa. Kinamasi chetu, kwa tabaka la sentimita 30, kinameza mita za ujazo 0.58, sawa na tani 0.9. Agiza tani moja.

Zioshe. Hakuna hatua inayorukwa kama hii, na hakuna inayolipizwa haraka kama hii. Vumbi la machimbo likiingia kwenye kinamasi linashuka kwenye mabomba, linakuwa kama plasta, na maji yanatafuta njia moja tu ya kupanda. Eneo lingine lote linakufa. Osha kwenye toroli, ndoo kwa ndoo, hadi maji yatoke meupe. Mchanga usitumike kabisa, hata tabaka jembamba la juu "kwa ajili ya mimea". Wala usiyafunge mabomba kitambaa au kuweka jiotekstaili kati ya tabaka kama mafundi wa mifereji ya barabarani wanavyofanya: kwenye mfereji wa mvua ni sawa, kwenye maji ya samaki kitambaa kinaziba ndani ya miezi.

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja mawe rahisi ni yale ya matumbawe. Yanapendeza, na ukingoni yanaonekana kama yamezaliwa hapo, ila yana kalsiamu kaboneti inayoyeyuka polepole na kuishikilia pH juu, karibu na 8.4. Kwa pH hiyo na joto la nyuzi 28, karibu asilimia 15 ya amonia yote iko katika hali inayoua samaki. Kwa pH 7.4 ni chini ya asilimia 2. Maana yake, kiasi kilekile cha chakula kilichozidi ambacho kwenye pH 7.4 hakina madhara, kwenye 8.4 kinaweza kuua. Kwa hiyo mawe ya matumbawe yabaki juu ya usawa wa maji kama mapambo, na ndani ya kinamasi ziingie kokoto nyeusi za kutoka bara hata kama lori linaongeza gharama. Namna ya kupima: dondoshea siki jiwe kavu, likitoa povu, ni la chokaa.

Mabomba

Hapa vitu ni vya bei ndogo na hupatikana kila kona: mabomba ya PVC ya inchi 2, elbo, tii moja, vifuniko. Kwa mfereji wa mita 2.4 weka mabomba mawili ya mita 2, yakiachana sentimita 40, yaliyounganishwa na tii mwanzoni. Kata mipasuo kwa grenda au msumeno wa chuma kila sentimita 5, kila mmoja ukiingia theluthi ya kipenyo cha bomba. Hiyo ni mipasuo 40 kwa bomba. Ukikata 10 tu kwa uvivu, jumla ya nafasi itakuwa ndogo kuliko tundu la bomba lenyewe na pampu itasukuma dhidi ya ukuta. Mipasuo itazame chini na pembeni, si juu, ili kokoto zisiingie na maji yafagie sakafu ya kinamasi. Kwenye kila mwisho panda na elbo hadi juu ya kokoto, uzibe kwa kifuniko kisichopigwa gundi. Hilo ndilo bomba la kusafishia, na kinamasi kisicho nalo kitafukuliwa chote siku kikiziba.

Kuzunguka mabomba mwaga safu moja ya kokoto za robo tatu inchi, juu yake nusu inchi hadi mwisho. Tabaka tano za ukubwa tofauti zinazochorwa kwenye michoro mingi hazina faida hapa.

Panapovunjika zaidi ni tuta kati ya kinamasi na bwawa. Liwe na upana wa angalau sentimita 40, lishindiliwe kila sentimita 10 za udongo, au lijengwe kwa mifuko ya mchanga. Tuta la udongo uliotupwa tu linashuka masika ya kwanza, maji yanapita nyuma ya laina, na mwenye nyumba anatafuta tundu ambalo halipo. Mdomo wa kumwagikia uwe na upana wa sentimita 30, chini ya kingo nyingine za kinamasi kwa sentimita 10. Usawa wake upimwe kwa mpira wa levo wenye maji, kwa sababu pimamaji fupi kwenye umbali wa mita 4 inadanganya.

Kuhusu sura: mawe yaliyopangwa kuzunguka ukingo kama shanga ndiyo alama ya bwawa la bandia. Zika kila jiwe nusu, yapange kwa mafungu, ukubwa tofauti, na sehemu ya ukingo iwe nyasi au changarawe inayoteremka taratibu hadi majini. Ndege wataitumia kunywa. Korongo naye ataijua, kwa hiyo samaki wahitaji ule upande wa sentimita 70 wenye yungiyungi za kujifichia.

Mimea ya kuipenda na ya kuikataa

Chukua mimea sita hadi nane kwa mita ya mraba, osha udongo wote kwenye mizizi, panda moja kwa moja kwenye kokoto. Bila udongo, bila samadi. Samadi kwenye kinamasi ni kulisha mwani.

Magimbi yanafanya kazi kuliko mimea mingi ya bei ghali ya maduka ya maua: yanakua haraka, yanakula naitreti nyingi, na majani yake yanapendeza. Kana pia, pamoja na mnanaa pembezoni. Mafunjo ya kweli, yale ya kwenye maziwa, yanafika mita 3 hadi 4 na yatameza kinamasi cha mita mbili ndani ya mwaka. Tafuta ya kibete au ndago mwavuli. Matete yakae mbali kabisa, maana vikonyo vyake vya chini vina ncha zinazotoboa laina. Na magugu maji, kwa jinsi yanavyotakasa maji utashawishika. Usiyaweke. Ziwa Victoria linatosha kuwa fundisho, na mvua moja ya kufurisha bwawa inayapeleka mtoni.

Yungiyungi ya buluu ya kwetu ikae bwawani, ndani ya beseni la udongo mzito lililofunikwa kokoto, kina cha sentimita 40 hadi 50. Isiwe mahali panapopigwa na maji yanayomwagika, haipendi kuchezewa. Mimea iliyochumwa kwenye mito na maziwa huja na konokono. Ikae kwenye ndoo wiki mbili, kagua chini ya majani kama kuna mayai ya utelezi, ifute, ndipo ipande.

Swali la mbu halikwepeki. Anopheles funestus, mmoja wa mbu wanaoeneza malaria, hupenda maji ya kudumu yenye mimea iliyosimama, yaani picha kamili ya kinamasi kilichojengwa vibaya. Dawa ni kwamba uso wa kokoto uwe juu ya maji kwa sentimita 3 hadi 5, pasiwe na dimbwi popote; ukisimama juu yake uone kokoto kavu. Bwawani, samaki wadogo kama gapi hula viluwiluwi wa mbu. Kabla samaki hawajaingia tumia dawa ya bakteria ya Bti, ambayo haidhuru samaki. Hutengenezwa Kibaha, mkoani Pwani.

Kujaza, kungoja, kuhudumia

Maji ya bomba yana klorini. Yaache siku mbili pampu ikizunguka kabla ya kupanda. Wiki ya pili au ya tatu yatageuka kijani kama supu ya mchicha. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kununua dawa ya mwani, inaua mwani wote kwa mpigo, unaoza, na oksijeni inakwisha. Usinunue. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye kokoto, mimea kama wiki nane kushika.

Maji yakipungua, usilaumu laina mara moja. Kwenye jua la kawaida bwawa hili na kinamasi chake hupoteza kama milimita 5 kwa siku, sawa na lita 55, karibu madumu matatu ya lita 20. Weka floti kama ya simtanki ikujazie. Ukishuku uvujaji, zima pampu, weka ndoo ya maji kwenye kidato, weka alama ndani ya ndoo na nje yake, rudi baada ya saa 24. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Yakishuka sawa, ni jua. Likishuka tu wakati pampu inawaka, tatizo liko kwenye kinamasi au mdomo wake.

Samaki watano wadogo waingie wiki ya sita, ukiwa umepima amonia na naitraiti na zote ni sifuri. Ongeza kidogo kidogo hadi samaki wa dhahabu 15, au, ukiwa umejenga kinamasi cha asilimia 30, koi watatu na basi. Perege wasiingie: wanachimba, wanang'oa mimea, na wanazaana hadi hesabu zote hapo juu zinavurugika.

Kila miezi sita fungua vifuniko vya mabomba ya kusafishia na piga maji ya mpira kwa nguvu hadi tope limalize kutoka. Punguza magimbi na mafunjo kwa theluthi, toa majani makavu kabla hayajaozea kwenye kokoto. Yale maji meusi yanayotoka usiyamwage mtaroni. Yapeleke kwenye migomba.